Uhuru, Wajibu na Khulka katika Maandishi ya Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui

Utangulizi

Historia ya fikra za uhuru nchini Kenya kwa kawaida huanzia kwenye vyama vya siasa na viongozi walioketi bungeni. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika Mji wa Kale wa Mombasa suala hilo lilijadiliwa kwa Kiswahili zaidi ya miaka thelathini kabla ya bendera kupandishwa mwaka 1963, na kwamba aliyelijadili alikuwa mwanachuoni, si mwanasiasa. Huyo ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891-1947). Hakuasisi chama wala dola. Alichoasisi ni uandishi wa magazeti ya Kiswahili wenye kuwataka Waislamu wa pwani wajihukumu wenyewe kabla ya kuwahukumu watawala wao. Mwaka 1930 alianza kutoa Sahifa. Mwaka 1932 akatoa Al-Islah, gazeti la kila wiki kwa Kiarabu na Kiswahili. Makala za Sahifa zilikusanywa na kuchapishwa mwaka 1944 katika kitabu kiitwacho Uwongozi.

Hoja yetu ni kwamba, kwa Sheikh Al-Amin, uhuru haukuwa kitu cha kupewa. Ulikuwa ni tunda la khulka, na njia ya kuufikia ilikuwa ni wajibu.

Nyumba iliyopoteza dola

Fikra hii haikuzuka hewani. Sheikh alizaliwa katika ukoo ulioitawala Mombasa kutoka Ngome ya Yesu kwa karibu karne nzima. Baada ya Salim bin Ahmed kufariki mwaka 1835, ukoo uligombania urithi wa utawala, na mwaka 1837 Sayyid Said akaitwaa Ngome, akawakamata wakuu wa Mazrui na kuwapeleka Bandar Abbas. Mwaka 1895 Mbaruk bin Rashid wa Gazi alishika silaha dhidi ya Waingereza, na mwaka uliofuata akashindwa. Tangu mwaka 1895 hadi 1958, Ngome ile ile iligeuzwa kuwa jela.

Kwa hiyo Sheikh alipita maisha yake yote karibu na jengo ambalo babu zake walilitumia kutawala na ambalo sasa lilifungia wahalifu wa Mwingereza. Yeye mwenyewe aliandika kwa Kiarabu historia ya utawala wa ukoo wake. Mwenye kuijua historia hiyo hawezi kukosa kuona mambo mawili: kwamba upanga peke yake haukuurudisha uhuru uliopotea, na kwamba ufa wa kwanza ulitoka ndani ya nyumba.

Muungwana na mtumwa

Wasomi wa lugha watakubaliana nasi kuwa neno lililobeba maana ya uhuru katika miji ya pwani kabla ya siasa za karne ya ishirini lilikuwa ni uungwana. Muungwana ni mtu asiye mtumwa. Na papo hapo ni mtu mwenye adabu, asemaye kweli na kutimiza ahadi. Neno moja lilichukua hadhi ya kisheria na sifa ya mwenendo kwa pamoja. Hatari yake ilikuwa dhahiri: aliyezaliwa katika ukoo wa kiungwana aliweza kudhani kwamba mwenendo mwema ni urithi wake, hata akiishi kwa uvivu.

Utumwa ulipopigwa marufuku kisheria katika ukanda wa pwani mwaka 1907, Sheikh alikuwa kijana wa miaka kumi na sita. Tangu hapo kila mtu alikuwa huru mbele ya sheria, na sifa ya uungwana ikabaki haina mlinzi isipokuwa matendo. Waswahili wana methali isemayo: Muungwana ni kitendo. Ukizisoma makala za Sheikh kwa jumla, utaona kama kwamba ni sherehe ndefu ya methali hiyo. Anashutumu ujinga, mfarakano, na mali inayoteketezwa katika arusi na matanga ilhali watoto hawasomeshwi. Aliwaona watu hao kuwa wamejifunga wenyewe, na hakuna serikali iwezayo kumfungua mtu aliyejifunga kwa mkono wake.

Methali ya pili, Mwacha mila ni mtumwa, inamweka Sheikh katika mtihani. Kwa upande mmoja aliikubali: aliwakemea vijana walioiga ulevi na anasa za Wazungu wakaacha elimu yao. Kwa upande wa pili, yeye mwenyewe, kama mfuasi wa mawazo ya islahi ya Muhammad Abduh na Rashid Rida wa Misri, alizipiga vita mila nyingi za nyumbani alizoziona kuwa ni bidaa. Jawabu lake ni kuwa mila nayo hupimwa. Anayeiga wageni bila kufikiri na anayeiga wazee bila kufikiri wako katika utumwa mmoja.

Wajibu

Katika fikihi kuna faradhi ya kila mtu na faradhi ya kutosheleza, ambayo wachache wakiitimiza wote huokoka, na wote wakiiacha wote hupata dhambi. Elimu ya umma, umoja na malezi vinafahamika vizuri kwa kipimo hiki cha pili. Ndipo tunapoelewa kwa nini Sheikh hakungoja serikali: alifundisha, akaandika, akatunga vitabu vya dini vya watoto.

Msomaji atauliza: vipi mkosoaji huyu alikubali kuwa Kadhi wa Mombasa mwaka 1932, na Kadhi Mkuu mwaka 1937, chini ya dola ya kikoloni? Swali hili ni la haki. Mahakama ya kadhi ilihukumu ndoa, talaka na mirathi, si mambo ya dola. Kwa maoni yetu alichagua kulinda eneo dogo lililobakia mikononi mwa watu wake. Lakini magazeti yake hayakudumu, na sauti ya kalamu haikurithiwa na sauti ya kiti.

Mipaka ya fikra zake

Aliwasemesha kwanza Waislamu wa mjini, hasa Waarabu na Waswahili. Januari 1947 wafanyakazi wa Kiafrika wa kisiwa hicho hicho waligoma kwa pamoja wakidai ujira na heshima. Wao nao walikuwa wakitafuta uhuru, kwa njia ambayo kurasa za Sahifa hazikuitayarisha. Sheikh alifariki mwaka huo huo, na mikondo hiyo miwili ilikuwa haijakutana.

Hitimisho

Hata hivyo urithi wake haukupotea. Wanafunzi wake wawili, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui na Sheikh Abdalla Saleh Farsy, walishika ukadhi mkuu wa Kenya baada ya uhuru, na wote wawili waliandika kwa Kiswahili. Kwa wataalamu wa lugha lipo funzo zaidi. Mkutano uliochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika Mombasa mwaka 1928. Miaka miwili baadaye Sheikh aliandika juu ya mambo mazito kwa Kiswahili chenye ladha ya Mvita, bila kuomba idhini ya mtu. Kitendo hicho nacho ni uungwana.