Mbao laini na maji: kwa nini nguzo huoza usawa wa ardhi

Masika yakishapita, mtaani kwetu huanza malalamiko ya mabenchi ya barazani, mageti na ua wa mbao. Lawama zote huenda kwa fundi. Mimi naona mara nyingi mkosaji ni maji, na sisi wenye nyumba ndio tuliohimiza kazi ya haraka.

Mbao laini tunazouziwa Pwani ni saiprasi na paina kutoka bara. Ni nyepesi, zinarandika vizuri, na bei yake haikaribii ya mvule. Lakini kuvu inayoozesha mbao huamka pale unyevu uliomo unapopita takriban asilimia 20 ya uzito wa mbao kavu. Hewa yetu nzito ya Mombasa au Lamu peke yake haifikishi huko mbao iliyo chini ya paa. Kinachoifikisha ni maji yanayotuama.

Yanatuama wapi? Kwanza kichwani, pale msumeno ulipokata. Mti ulikuwa ukipandisha maji kwa vijishimo vyembamba vya urefu wake, na mbao ikikatwa vijishimo hivyo hubaki wazi, ikinywa kwa kichwa kuliko kwa ubavu. Kisha kwenye maungio, kwani mvua hupenya na jua halifiki.

Nguzo ya ua ndiyo mfano bora. Huvunjika usawa wa ardhi, kwa sababu kuvu inataka maji na hewa pamoja. Chini kabisa hewa ni haba, juu hukauka, hapo katikati kuna vyote viwili. Na mchwa nao hupendelea papo hapo. Kuizungushia simiti iliyo na shimo juu ni kuitengenezea kikombe. Simiti ipande juu ya udongo na iteremke kando ili maji yakimbie.

Rangi je? Ukiipaka mbao mbichi umefungia maji ndani. Ikipasuka, maji huingia kwa ufa na hayatoki upesi. Oili chafu ya gari nayo hubaki juu juu, na huchafua udongo.

Dawa inayosukumwa kwa mtambo ndiyo ya kutegemewa. Paina huinywa vizuri, lakini kiini cha saiprasi huikataa, ingawa chenyewe kina uvumilivu kiasi; ile sehemu nyeupe ya nje ndiyo dhaifu. Muulize muuzaji, na nguzo yenye dawa usiikate ncha ya chini, maana utafunua sehemu ambayo dawa haikufika.

Ngazi na roshani za mbao ndizo zinazonitia hofu, hasa wanapopanda watoto wa chuo. Rangi yaweza kung'aa huku ndani kumeoza. Chukua bisibisi, dunga kwenye maungio na chini ya kila kidato. Ikizama bila nguvu, ifunge ngazi leo, fundi aje kesho.