Kodi Iliyohamia Ukutani

Kama unaishi chumba cha kupanga, kisa hiki unakijua. Unanunua umeme kwa simu, uniti zinakuja pungufu, unasoma ujumbe: kodi ya jengo imeshakatwa. Jengo la nani, jamani? Mimi hapa Kasulu nina godoro, koroboi ya akiba na madaftari ya riwaya isiyokwisha. Nilipomuuliza mwenye nyumba akacheka. "Kijana, mita haijui nyumba ni ya nani."

Nililala na jibu hilo, maana marehemu babu yangu wa Kibondo naye alikuwa na habari yake ya nyumba na kodi.

Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898. Wabelgiji wakaishika Buha 1916, Waingereza wakaipokea 1921. Bendera zikabadilika, kodi ikabaki. Kilichohesabiwa ni paa, kwa hiyo watu sehemu nyingi wakajibana, familia mbili chini ya nyasi zilezile. Lakini shilingi ilitoka wapi? Huku milimani hela zilikuwa adimu, nazo ziliko kwenye mkonge, Tanga. Ndivyo Buha ilivyogeuzwa ghala la vibarua. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, chombo chao cha kuandikisha watu, na vijana wa Kasulu na Kibondo wakateremka kwa miguu kulifuata treni. Wakaitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Babu alikuwa mmojawapo. Alisahau mengi uzeeni ila namba yake hakuisahau.

Hata hivyo mtu wa zamani alikuwa na mlango wa nyuma. Baba anasema enzi za kodi ya maendeleo, iliyofutwa 2003, mgambo wakionekana bondeni tu, wanaume wote wameyeyuka migombani! Wanabaki kina mama na kuku.

Mita haikimbiwi. LUKU, yaani Lipa Umeme Kadri Utumiavyo, ilianzia Dar es Salaam miaka ya 1990. Sisi tulikuwa na jenereta za dizeli mpaka gridi ya Taifa ilipotufikia 2022, na tuliipokea kwa vigelegele, mimi nikiwemo. Lakini tangu Agosti 20, 2021 kodi ya majengo ilikuwa imeshapandishwa juu ya mita: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 1,500 kuanzia 2023. Kisheria ni deni la mwenye nyumba, mpangaji amdai. Haya, nenda kamdai.

Na 2024 tukaambiwa tuingize namba za ziada ili mita zisasishwe. Kisa chake kinafurahisha: kila namba ya umeme ya mita hizi ilibeba hesabu ya dakika tangu mwanzo wa 1993, na nafasi ya hesabu hiyo ilikuwa inajaa Novemba 24, 2024. Asiyeingiza, mita yake ingekataa umeme mpya. Dunia nzima ilikuwa hivyo, si Kasulu peke yake. Hakuna aliyeulizwa kama anataka.

Kumbe wapo waliokataa. Uholanzi serikali ilitaka kila nyumba ifungwe mita ya kisasa kwa lazima, Seneti ikagoma mwaka 2009, kwa hofu kwamba mita itachungulia maisha ya ndani. Sheria iliyofuata ikampa mteja haki ya kusema hapana. Mwaka huohuo, Phiri, Soweto, Lindiwe Mazibuko na wenzake wanne walikuwa mahakamani wakipinga mita za maji za kulipia kabla. Mahakama Kuu ilikuwa imewapa ushindi 2008. Oktoba 2009 Mahakama ya Katiba ikautengua: mita ni halali. Maji yale yalikuwa ya kunywa, lakini tajiri wa Amsterdam ndiye aliyebaki na hiari.

Hiari yangu mimi ni koroboi. Sola ninaisikia kwa majirani. Basi juzi nilichukua daftari, nikaandika miezi yote niliyomlipia mwenye nyumba kodi yake, nikajumlisha, nikampelekea. Alisoma kimya, akavaa miwani, akasoma tena.

"Babu yako alikuwa manamba, siyo?"

"Ndiyo, mzee."

"Hata wangu," akasema. Hela bado hajanipa.