Zanzibar Bila Wazanzibari: Historia ya Sura katika Michezo ya Kompyuta

Katika michezo ya kompyuta, mhusika asiyechezwa ni yule ambaye mwendo na maneno yake huongozwa na programu yenyewe, si na mchezaji, naye ndiye anayeutia uhai mji wa kubuni, kwani pasipo muuza duka, mlinzi na mpita njia, mji huo hubaki kuta tupu. Uchoraji wa wahusika hao una historia ya takriban miongo mitano, na Unguja imo ndani yake kwa namna isiyoridhisha: jina la Zanzibar limetumika angalau tangu mwaka 2004, ilhali sura za watu wake ni nadra kuonekana.

Hapo mwanzo, uwezo mdogo wa mashine ndio ulioamua sura. Tomohiro Nishikado wa Japani, aliyebuni Space Invaders mwaka 1978, aliwachora maadui kwa maumbo ya pweza, kaa na ngisi, ambayo yalitambulika hata yalipoundwa kwa pikseli chache, yaani vile vinukta vinavyojenga picha kwenye kioo. Mwaka 1980, Pac-Man ilileta vizuka vinne vya umbo moja vilivyotofautishwa kwa rangi, ili mchezaji ajue mara moja ni kipi kinachomwandama. Tangu hapo umbo na rangi vimekuwa misingi ya kazi hii.

Uwezo wa mashine ulipokua, Zanzibar iliingia kama mandhari. Halo 2, iliyotengenezwa na kampuni ya Bungie na kutolewa mwaka 2004, ilikuwa na uwanja wa mapambano ulioitwa Zanzibar, wenye ufuo na gurudumu kubwa la upepo. Uwanja huo ulipotengenezwa upya mwaka 2014 ulipewa jina la Stonetown, yaani Mji Mkongwe, lakini waliopita humo walikuwa askari wenye deraya tu, bila mkaazi hata mmoja. Katika Civilization VI ya mwaka 2016, Zanzibar ni dola-mji inayoendeshwa na kompyuta, nayo humpa mchezaji mwenye ushawishi mkubwa zaidi kwake mdalasini na karafuu, bidhaa zisizopatikana kwa njia nyingine mchezoni. Hata hivyo, wakati watawala wa mataifa makubwa wamechorwa nyuso na mavazi, dola-mji huwakilishwa kwa nembo, hivyo karafuu ipo bila mchumaji wake.

Tofauti ilidhihirika mwaka 2024, Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, alipotoa Tales of Kenzera: Zau kupitia studio yake ya Surgent. Mchezo huo, unaochota katika visa vya Wabantu na unaoweza kusikilizwa wote kwa Kiswahili, umemwonyesha Kalunga, mungu wa mauti, kama mzee anayemwongoza kijana aliyefiwa na baba yake.

Kumchora Mzanzibari kunadai vilevile kuujua utamaduni wake. Kanga ina pindo, mji na jina, na mchoraji anayenakili rangi na kuliacha jina amemnyima mvaaji kauli yake. Vivyo hivyo, kofia ya viua hutambulikana kwa matundu yake yaliyodariziwa kwa mkono. Vijana wa Unguja wanaojifunza uchoraji wa kompyuta wanayajua haya tangu utotoni, hivyo vyuo na wafadhili wa sanaa visiwani hawana budi kuwapa vifaa na mafunzo, ili Mji Mkongwe utakapoonekana tena kwenye kioo uwe na watu wake.