Mchare (ndizi)

Mchare ni kundi la ndizi za kupika zinazolimwa tangu kale kaskazini mwa Tanzania, hasa kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru na milima ya Upare. Ndiyo ndizi ya mtori, na wapishi wa huko hawakubali kwa urahisi nyingine ishike nafasi yake. Miongoni mwa aina zake ni Huti, Mlelembo, Nshonowa na Ijihu Inkundu.

Seli za Mchare zina kromosomu 22, yaani seti mbili, zote za asili ya Musa acuminata, mgomba mwitu wa Kusini-mashariki mwa Asia. Matoke ya Kagera na Uganda yana seti tatu, kromosomu 33, sawa na ndizi za kuiva zinazouzwa nje. Uchunguzi wa vinasaba umefichua jambo linalostahili kujulikana zaidi hapa nyumbani: Mchare na nduguye Mlali, anayepatikana Zanzibar, Komoro na Madagaska, wana nasaba ya karibu na mzazi mmoja wa Cavendish na Gros Michel, ndizi za kuiva za biashara. Kwa hiyo ndizi iliyojaa masoko ya Ulaya na Marekani ni jamaa wa karibu wa Mchare.

Mgomba huu hauoteshwi kwa mbegu. Mkulima hupanda chipukizi, nalo hurithi vinasaba vyote vya mama yake. Tofauti nyingi kati ya aina moja na nyingine zimetokana na mabadiliko madogo yaliyozuka yenyewe kwenye chipukizi, macho ya mkulima yakayaona, naye akayatunza. Ufanano huo wa vinasaba kati ya mama na chipukizi una gharama. Mchare hushambuliwa vibaya na ugonjwa wa Panama, unaoletwa na fangasi Fusarium aina ya 1, ambayo matoke huistahimili. Fangasi huyo hukaa udongoni kwa miongo na hakuna dawa ya kuutibu mgomba uliokwisha kuambukizwa. Shamba likiingiliwa, familia hupanda ndizi nyingine, na Mchare wa ukoo huishia hapo.

Hifadhi kuu ya Mchare bado ni kihamba, shamba la ukoo ambamo migomba, kahawa na miti mirefu hukua pamoja. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilikitambua kihamba cha Shimbwe Juu, Moshi Vijijini, kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Hata hivyo vihamba vinagawanywa kila kizazi na kuzidi kuwa vidogo. Huko Leuven, Ubelgiji, benki ya vinasaba iliyoanzishwa mwaka 1985 hutunza zaidi ya aina 1,500 za ndizi katika chupa za maabara, na nyingi kati yake pia katika naitrojeni kimiminika yenye nyuzi −196. Kazi hiyo ni ya lazima, lakini chupa haihifadhi ujuzi wa mama anayejua kila mkungu unafaa chakula gani.

Mjini Arusha, watafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Tropiki (IITA) huchavusha Mchare kwa migomba inayohimili magonjwa. Mbegu hupatikana chache mno, na viini vyake hulelewa maabara ili viote.

Anayetaka kupanda Mchare leo atafute miche safi iliyokuzwa maabara, kwa sababu chipukizi lenye sura nzuri kutoka shamba lenye ugonjwa huweza kuwa tayari limebeba fangasi.