Ilmu ya Falaki na Hukumu za Siku

Wafanya biashara wa pwani walipopanda bara katika karne ya 19, wakapita Tabora hata Ujiji na Buganda, walikuja na dini, na pamoja nayo walikuja na ilmu ya nyota. Kabaka Mutesa wa Kwanza alianza kufunga Ramadhani mwaka 1867, ikambidi kuungojea mwezi mwandamo kama waungojavyo watu wa Unguja na Lamu. Vita vya dini vilipozuka Buganda tangu mwaka 1888, baadhi ya Waislamu walikimbilia Ankole. Nasi tulio Rwekubo na Nakivale, tuliotoka Kongo, Burundi, Rwanda na Somalia, ilmu hiyo tuliikuta hapa, na yetu pia tulikuja nayo.

Lakini jina hilo moja la falaki limefunika mambo mawili. La kwanza ni hisabu: nyakati za sala, upande wa Kibla, miandamo ya mwezi. Hii ni ilmu ya kusifiwa. La pili ni hukumu, yaani kusema kuwa siku fulani ni ya heri na fulani ni ya nuhusi.

Mwenye kuhukumu huweka buruji 12, tangu Hamali hata Hutu, na nyota saba kwa taratibu hii: Zuhali, Mushtari, Mirihi, Shamsi, Zuhura, Utaridi na Kamari. Saa ya kwanza ya Jumapili, tangu jua kuchomoza, ni ya Shamsi; ya Jumatatu ni ya Kamari; ya Jumanne ni ya Mirihi; na saa zinazofuata hupokezana kwa taratibu hiyo. Mushtari na Zuhura ni nyota za heri, Zuhali na Mirihi ni za nuhusi. Mwezi huzunguka buruji zote kwa siku 27 na theluthi, ukikaa katika kila moja siku mbili na kitu. Ukiwa katika Akarabu, mnajimu hukataza safari na ndoa. Na mtu akitaka kujua buruji yake, jina lake na la mama yake huhesabiwa kwa abjadi, hutolewa kumi na mbili kumi na mbili, na kinachobaki ndicho kinachohukumiwa. Njia hii imeenea kwa kitabu kinachonasibishwa na Abu Maashar wa Balkh, aliyekufa mwaka 886.

Nimemwona mzee mmoja hapa Rwekubo akiahirisha kumpeleka mjukuu wake hospitali Mbarara, kwa kuwa mwezi ulikuwa Akarabu. Mtoto alipona, alhamdulillahi, lakini siku mbili za homa alizidishiwa bure.

Na hao wanaohukumu hawasemi kuwa jedwali zao huliingiza jua katika Hamali kiasi cha tarehe 21 Machi, hali siku hiyo jua limesimama mbele ya nyota za Hutu. Mahali hapo husogea daraja moja kwa kila miaka 72 hivi, na tangu zama za Wayunani pamesogea karibu buruji nzima.

Hofu ya mbingu si ya Waislamu peke yao. Biharwe, karibu na Mbarara katika njia ya Masaka, husimuliwa kuwa Omukama Olimi wa Bunyoro alikuwa akirejea na ng'ombe aliowateka, jua likapatwa mchana, jeshi likakimbia na ng'ombe wakaachwa. Wengi hulihesabu tukio hilo kuwa la tarehe 17 Aprili 1520, na leo pana mnara wa ukumbusho. Madina nako jua lilipatwa siku aliyokufa Ibrahim, mwana wa Mtume, katika mwaka wa 10 wa Hijra. Watu wakasema limepatwa kwa ajili yake. Mtume, naye yumo katika msiba, akawakataza kusema hivyo: jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Kisha akawaamuru kusali.

Tarehe 3 Novemba 2013 jua lilipatwa tena, Pakwach, kaskazini ya Uganda. Saa yake ilikwisha hesabiwa miaka mingi kabla, na watu walisafiri kutoka mbali kwenda kulitazama.