Vitabu vya Watoto Katika Kiswahili: Historia Yake, na Nani Aliyevinunua

Liko jambo moja la lugha yetu ambalo wataalamu wengi hulipita bila kulitazama, nalo ni vitabu walivyoandikiwa watoto na vijana. Mara kwa mara twasikia ikisemwa ya kwamba Kiswahili hakina waandishi wa watoto, au kwamba watoto wetu hawapendi kusoma. Sisi tuliofundisha watoto wa pembezoni mwa Dar es Salaam, wa Tandale na Mwananyamala kwa upande wa Kinondoni, na wa Tandika na Mbagala kwa upande wa Temeke, hatuwezi kuyakubali maneno hayo. Waandishi wamekuwapo, na hamu ya kusoma imekuwapo. Kilichopungua mara nyingi ni mnunuzi. Na kila alipopatikana mnunuzi, yeye ndiye aliyeamua kitabu kiwe cha namna gani na kiwe katika lugha gani. Tutajaribu kulionyesha hilo kwa kufuata historia yenyewe.

Kwanza yatupasa kukumbuka ya kwamba hadithi ilitangulia kitabu. Zamani katika pwani yetu neno chuo lilikuwa na maana ya kitabu, na mtoto aliyepelekwa chuoni alikwenda kujifunza kusoma Kurani. Kitabu basi kilikuwa kitu cha dini na cha adabu, hakikuwa kitu cha kumfurahisha mtoto. Furaha yake ilikuwa katika ngano, na ngano zilikaa midomoni mwa mabibi. Msimulizi alisema, "Paukwa," na watoto wakaitika, "Pakawa." Wengi wetu tuliambiwa ni mwiko kusimulia ngano mchana, tusije tukapatwa na jambo baya, na wazee walikuwa na sababu, maana mchana ulikuwa wa kazi. Desturi hiyo ilikuwa na faida kubwa moja: haikuhitaji mnunuzi. Bibi hakulipwa, wala mtoto hakutoa kitu illa masikio yake.

Hadithi hizo zilipigwa chapa kwa mara ya kwanza kwa wingi mwaka 1870, wakati Edward Steere wa misheni ya UMCA huko Unguja, aliyekuja kuwa Askofu baadaye, alipotoa London kitabu chake cha hadithi za Waswahili, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Ndani yake mna kisa cha Sultani Darai na kisa cha punda wa dobi, ambamo nyani anamdanganya papa ya kwamba moyo wake ameuacha mtini. Kisa hiki hata leo ukikianza mbele ya darasa la Mbagala, watoto watakimaliza wenyewe. Nacho kimesafiri mbali: kilitoka Bara Hindi, kikapita kwa Waajemi na Waarabu katika kitabu cha Kalila na Dimna, hata kikafika pwani yetu na kuwa chetu.

Lakini tuangalie kwamba kitabu kile hakikuandikwa kwa ajili ya mtoto wa Unguja. Mnunuzi wake alikuwa Mzungu aliyetaka kujifunza lugha, ndiyo maana Kiingereza kiliwekwa kando ya Kiswahili. Kwa njia ya ajabu, hadithi za watoto wetu ziliingia katika chapa zikiwa somo la watu wazima wageni. Walakini jambo jema lilitoka humo, kwa kuwa hadithi zile zilihifadhiwa, nazo zikarudi mashuleni baadaye.

Zikaja zama za serikali. Mwaka 1925 palifanyika mkutano wa elimu Dar es Salaam, na mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ukachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Tarehe 1 Januari 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi za Afrika ya Mashariki, katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson. Kabla kitabu cha shule hakijapigwa chapa, kamati ilikichungua lugha yake na kukitia idhini. Katika miaka hiyo vijana walipata Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani, vyote viwili mwaka 1929, kisha wakapata Safari za Gulliver. Hivyo vilikuwa vitabu vya Kiingereza vilivyofasiriwa na kufupishwa, navyo vilipendwa sana, maana kijana popote alipo hupenda safari na hatari.

Mnunuzi wa vitabu hivyo alikuwa shule, na nyuma ya shule, serikali na misheni. Tusimdharau mnunuzi huyu. Bila yeye wachapaji wa London wasingalithubutu kutoa hata kurasa kumi za Kiswahili. Tena siku zile watu wote wa mji wa Dar es Salaam, kwa hesabu ya mwaka 1948, hawakufika elfu 70, na Temeke na Kinondoni zilikuwa minazi, mihogo na vijiji vya Wazaramo. Ni nani angaliweza kununua kitabu cha mtoto, ila shule? Lakini shule ina desturi yake. Inanunua kitabu chenye mafunzo, chenye maneno yaliyosahihishwa, chenye maswali mwishoni. Hapo ndipo mtoto wetu alipoanza kufikiri ya kwamba kitabu ni jambo la mtihani.

Hata hivyo palikuwa na waliojitahidi kumwona mtoto mwenyewe. Mwaka 1940 ilitoka tafsiri iitwayo Elisi katika Nchi ya Ajabu, na wachoraji wakamfanya Elisi kuwa msichana wa Kiafrika. Wenye kufasiri kitabu kile walijua ya kuwa mtoto hutafuta uso wake ukurasani. Miaka 75 baadaye, mwaka 2015, Ida Hadjivayanis alikifasiri upya kitabu hichohicho kwa jina la Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu.

Wala wenyeji hawakukaa kimya. James Mbotela, mzawa wa watumwa waliokombolewa na kuwekwa Freretown karibu na Mombasa, alitoa Uhuru wa Watumwa mwaka 1934, kikasomwa mashuleni kwa miaka mingi. Mwaka 1952 Shaaban Robert alitoa Adili na Nduguze. Kitabu hiki chastahili tukitazame zaidi. Humo twamwona Adili, ambaye kila usiku huwapiga manyani wawili, nao kumbe ni ndugu zake waliogeuzwa kwa sababu ya ubaya wao. Kiini cha hadithi hiyo kimo katika Alfu Lela Ulela. Lakini Shaaban Robert hakufasiri. Aliichukua ngano kama bibi aichukuavyo, akaisema tena kwa maneno yake na kwa hekima yake. Nasi twaona hapo ndipo palipokuwa na njia iliyo bora ya kumwandikia mtoto: si kunakili ya wageni, wala si kukataa ya wageni, bali kusimulia upya.

Mwaka 1948 iliundwa East African Literature Bureau, makao yake Nairobi, kwa kazi ya kutoa vitabu katika lugha za nchi hizi na kuvipeleka kwa watu kwa maktaba za masanduku. Kwa mara ya kwanza mwandishi mwenyeji alikuwa na mahali pa kupeleka mswada wake akatumaini kujibiwa. Baada ya uhuru, mwaka 1966, Tanzania ikaanzisha Tanzania Publishing House. Mwaka 1967, katika siasa ya Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi, na tarehe 9 Desemba ya mwaka uleule ikafunguliwa Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam. Ilionekana kana kwamba milango yote imefunguka kwa siku moja.

Basi kwa nini miaka 20 baadaye rafu zilikuwa tupu? Sababu ni hiyo hiyo ya mnunuzi. Elimu kwa wote ilipofika mwaka 1977, watoto waliongezeka madarasani kwa mamilioni, na fedha yote iliyopatikana ikaenda katika vitabu vya kiada. Mwaka huohuo Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilivunjika, na Bureau ikafa pamoja nayo. Karatasi ikawa adimu, fedha za kigeni zikakosekana. Serikali ndiyo iliyokuwa mnunuzi pekee, nayo ilipoishiwa, hapakuwa na mwingine. Kitabu cha hadithi kikawa kama mgeni aliyekuja siku ya njaa: hakuna amchukiaye, lakini hakuna wa kumpikia.

Hapa twaomba wasomaji watazame jambo lililotokea mitaani katika miaka hiyohiyo. Wakati shule hazina kitu, vijana wa Magomeni, Kinondoni na Temeke walikuwa wakisoma sana. Walisoma visa vya upelelezi vya Elvis Musiba, ambaye Kufa na Kupona chake kilitoka mwaka 1974. Walisoma vya Hammie Rajab na vya Ben Mtobwa. Walicheka na michoro ya gazeti la Sani. Vitabu vile vilikuwa vidogo, karatasi yake duni, vikauzwa barabarani, kimoja kikapita mikono kumi. Sisi walimu wengi tulivinyang'anya tulipovikuta chini ya madawati, na vingine kwa haki, kwani mambo mengine yaliyomo si ya umri ule. Lakini vyatoa ushahidi mkubwa. Mnunuzi hapa alikuwa kijana mwenyewe kwa senti zake, na alipochagua mwenyewe, alichagua Kiswahili.

Mwaka 1991 ulikuwa mwaka wa mageuzi. Serikali iliruhusu wachapishaji wa watu binafsi kutoa vitabu vya shule. Walter Bgoya, aliyeiongoza Tanzania Publishing House kwa miaka mingi, akaanzisha Mkuki na Nyota; na tayari Elieshi Lema na Demere Kitunga walikuwa wameanzisha kampuni yao ya E&D. Mwaka uohuo ukaanza Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada. Mpango wake ulikuwa rahisi, na kwa maoni yetu ulikuwa wa akili kuliko yote iliyotangulia. Mswada uliokubaliwa ulipigwa chapa nakala 5,000. Mradi ukanunua nakala 3,000 na kuzigawa mashuleni. 2,000 zilizobaki mchapishaji akaziuza mwenyewe. Hivyo hofu ya mchapishaji iliondolewa, na waandishi waliodhaniwa hawapo wakatokea kila upande na miswada yao. Haikuwa lazima kuwatafuta kwa taa.

Ila kanuni yetu haikukoma hapo. Mwaka 2008 ilianza nchini tuzo ya Burt kwa vitabu vya vijana, nayo pia iliwanunulia shule nakala za vitabu vilivyoshinda. Kwa kuwa kusudi lake lilikuwa kuwasaidia wanafunzi wa sekondari, ambako Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia, vitabu vyake vilitakiwa viwe vya Kiingereza. Ikatokea ya kwamba mwandishi Mtanzania, mwenye kufikiri kwa Kiswahili, akiandika habari za kijana wa Dar es Salaam asemaye Kiswahili, aliandika kwa Kiingereza. Hatumlaumu mtoa tuzo, alitoa mali yake kwa nia njema. Twasema tu kwamba mwenye kununua ndiye mwenye kuchagua, na sisi wenyewe hatukununua.

Sasa lipo jambo la kutia moyo. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyo chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitoa zawadi zake za kwanza mwaka 2023 kwa riwaya na ushairi, na baadaye hadithi za watoto zikaongezwa. Pia huko Mikocheni, katika wilaya ya Kinondoni, pana mahali paitwapo Soma, ambapo watoto na wakubwa hukutana na vitabu pasipo mtihani. Lakini mkoa wetu ulihesabiwa watu zaidi ya milioni 5 mwaka 2022, na walio wengi wanaishi mbali na mahali pa namna hiyo. Mtoto wa Mbagala atakaye kwenda Maktaba Kuu hana budi kulipa nauli kwenda na kurudi. Na nyumbani kwao nauli hiyo ni mboga ya siku.

Twaona hatari moja, nayo ndiyo iliyotusukuma kuandika. Zamani mtoto asiye na kitabu alikuwa na bibi. Leo katika vyumba vya kupanga vya Tandika na Tandale, bibi yuko Rufiji au Newala, mama yuko sokoni hata usiku, na ngano haina wa kuisema. Mtoto yule asipopewa kitabu, basi hana hadithi ya aina yo yote iliyotungwa kwa ajili yake. Atajazwa na yale aliyoandaliwa mtu mwingine. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Kwa hiyo twatoa shauri dogo, la watu wasio na mali. Kila shule ina kamati ya wazazi, na kila kamati huchanga kwa ajili ya jambo fulani. Zichangwe shilingi chache kwa mwaka kwa vitabu vya hadithi vya Kiswahili, si vya mtihani, viwekwe katika sanduku kama zamani, vipite darasa kwa darasa. Tena walimu wawaagize watoto wa madarasa ya juu, waendapo likizo kwa mabibi zao, waandike ngano watakazozisikia, kila moja kwa maneno ya msimulizi yalivyo, pamoja na jina la mahali iliposimuliwa. Katika miaka michache kila shule itakuwa na akiba yake, na mchapishaji atakayekuja atakuta mswada na mnunuzi wamekwisha kukaa pamoja wakimngoja.