Studio ya Vugiri: Filamu za Usambara, 1935–1937



Sisi tuliofundisha katika shule za milimani humu tulizoea kuwaeleza wanafunzi habari za Kimweri na mji wake wa Vuga, na za Wajerumani walioiita Lushoto Wilhelmstal. Ni nadra kumsikia mwalimu akitaja kwamba Usambara iliwahi kuwa na studio ya filamu. Ilikuwapo Vugiri, ukingoni mwa milima, juu ya Korogwe. Kisa chake kinafundisha jinsi studio inavyoishi na inavyokufa.

Mradi huo uliitwa Bantu Educational Kinema Experiment, yaani jaribio la kuwaelimisha Wabantu kwa sinema. Ulianzishwa na Baraza la Kimataifa la Wamisionari, chini ya J. Merle Davis, aliyekuwa amechunguza athari za migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini katika maisha ya Waafrika. Fedha nyingi zilitoka Marekani: shirika la Carnegie la New York lilitoa ruzuku ya dola 55,000. Kazi ya kutengeneza filamu ilisimamiwa na Meja L. A. Notcutt, aliyewahi kuwa meneja wa mashamba. Upande wa elimu ulikuwa wa G. C. Latham.

Kwa muda wa miaka miwili zilitengenezwa filamu fupi 35. Zilihusu safura, malaria ya watoto wachanga, chai, kahawa, ngozi na kodi. Moja ilihusu benki ya akiba ya posta: mtu mmoja anafukia fedha zake ardhini na mwizi anazifukua, hali mwenzake aliyeziweka posta anasalimika. Waigizaji walikuwa wenyeji. Kisha lori lililobeba mashine ya umeme likazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, likionyesha picha hizo usiku viwanjani.

Sasa tuitazame lugha. Mkanda wa milimita 16 uliotumika haukuwa na sauti ndani yake. Maneno yalirekodiwa katika santuri, kisha santuri ikachezwa sambamba na picha. Njia hiyo ilikuwa rahisi kwa gharama, na iliwezesha picha moja isemeshwe Kiswahili leo na lugha nyingine kesho. Lakini ilikuwa na maana yake pia. Picha ilikamilika kwanza, na lugha ikaja baadaye kama vazi la kuvishwa. Kiswahili kilipewa kazi ya kufikisha agizo lililokwisha kupangwa. Santuri ikivunjika, picha huwa bubu.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Tumtafute mlipaji. Katika zama zilezile, studio kubwa za Hollywood zilitengeneza filamu, zikazisambaza, na zilimiliki majumba mengi ya kuzionyeshea, mpaka Mahakama Kuu ya Marekani ilipolivunja pingu hilo mwaka 1948. Fedha ya tiketi ilirudi kutengeneza filamu ifuatayo. Katika miji yetu ya pwani nako watu walilipa viingilio kuona filamu za Kihindi, na mwenye jumba alilazimika kujua wanachokipenda. Mtazamaji wa Vugiri hakuwa mlipaji. Akifurahi, studio haikupata senti. Akichoka, haikupoteza kitu. Aliyestahili kuridhishwa ni mfadhili na serikali za kikoloni.

Ruzuku ilipokwisha, serikali za Afrika Mashariki ziliombwa kuendeleza mradi, nazo hazikukubali kubeba gharama. Mwaka 1937 studio ikafungwa. Filamu iliyowafundisha watu kuweka akiba ilitengenezwa na studio isiyokuwa na chanzo chake cha mapato. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Njia ya Vugiri iliendelea kwa namna nyingine. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iligharimia filamu za Kiswahili, na Rashidi Mfaume Kawawa akaigiza katika Muhogo Mchungu kabla ya kuwa Waziri Mkuu. Mwaka 1968 likaja Shirika la Filamu Tanzania, mali ya umma. Miaka ya 2000 ndipo filamu za video za Dar es Salaam zilipoanza kuishi kwa fedha ya mnunuzi wa kawaida. Zilikuwa na kasoro nyingi, na wengi wa watengenezaji waliuza haki zao kwa msambazaji kwa malipo ya mara moja, wakabaki watupu. Hata hivyo, ndani yake tulisikia Kiswahili cha ugomvi, mapenzi, msiba na mzaha, kwa kuwa mnunuzi alitaka kujisikia mwenyewe akisema.

Vijana wa Tanga na Lushoto wanaoshika kamera leo wangefanya vema kuuliza mapema: nani atalipa, na haki ya kazi itabaki kwa nani? Jibu la maswali hayo ndilo litakaloamua Kiswahili kitakachosikika.